Kundi la simu la familia ya Katuba, Lubumbashi, Jumapili jioni

Mama Junior: Junior, tunakupigia tangu tutoke kanisani. Simu inaita tu. Uko wapi?

Junior: Yambo Mama, nisamehe. Nilikuwa Zwartkops, huku Pretoria, kwenye mashindano ya magari. Nasimama kwenye kona na bendera. Ukiwa pale simu unaiacha kwenye mfuko.

Mama Junior: Umepata kazi? Wanalipa ngapi?

Junior: Hakuna feza Mama, ni kujitolea. Hata wanaoshindana wengi ni watu wa kawaida, makanika, walimu, kila mtu na gari lake. Lakini bila watu wa bendera hawaruhusiwi kuzunguka hata mara moja.

Yaya Nadine (dada mkubwa): Ile ya miraba nyeusi na nyeupe?

Junior: Hapana yaya, hiyo iko kwenye mstari wa mwisho. Sisi tunapunga manjano: kuna hatari, punguza mwendo, usipite mtu. Manjano mbili kwa pamoja, njia imezibwa yote au sehemu, uwe tayari kusimama. Manjano yenye mistari myekundu ni utelezi, mara nyingi mafuta. Buluu, nyuma yako kuna mwenye mbio zaidi. Nyekundu tunangoja amri ya redio.

Kambo (babu): Mjukuu, na mgongo wako anauangalia nani?

Junior: Kambo, ndilo jambo la kwanza walilonifundisha! Tunasimama wawili, tunatazamana. Mimi naangalia magari yanayokuja, mwenzangu anaangalia yaliyotupita hadi posti inayofuata, kituo kingine cha watu wa bendera.

Kambo: Ni vizuri. Sisi kwenye reli, tangu shirika letu la reli, SNCC, likiitwa SNCZ wakati wa Zaire, tulikuwa na nyekundu na kijani, usiku taa. Dereva haoni kilicho nyuma ya kona. Anaamini mkono wako.

Baba Mdogo: Ndugu zangu, sipendi kumtia Mama Junior hofu, lakini huko huko Afrika Kusini, kwenye mashindano ya magari ya Kyalami, Machi 1977, kijana wa kujitolea alikufa. Gari lilisimama kando, likawaka moto kidogo. Akavuka njia mbio na kizimamoto. Dereva Tom Pryce alikuwa anatokea nyuma ya mwinuko, hakumwona. Walikufa wote wawili.

Mama Junior: Mungu wangu. Junior??

Mama Junior: Jibu.

Junior: Ni kweli Mama. Walituambia siku ya mafunzo, chumba kizima kikanyamaza. Yule kijana alikuwa na miaka 19. Mimi nina 20. Hakuwa mjinga, aliona moto akaenda.

Junior: Na nikuambie yote. Leo asubuhi gari liliteleza, likajizungusha mbele yetu, likazimika katikati ya njia. Miguu yangu ilianza kwenda yenyewe. Mkuu wa posti akanishika mkono: "Bendera kwanza!" Nikapunga manjano mbili mpaka mkono ukauma. Magari saba yalipita pole pole, nayahesabu. Dereva akawasha tena, akaondoka, akatuinulia mkono. Mama, sikuwahi kufurahi hivyo tangu nifike huku.

Kambo: Huyo mkuu umsalimie kwa jina langu.

Yaya Nadine: Mnasimama nyuma ya ukuta lakini?

Junior: Ndiyo yaya, kila wakati. Hatuvuki bila amri, na hatuyapi magari mgongo.

*(dakika 40 kimya)*

Mama Junior: Nilikuwa napika bukari. Nguo mnavaa za namna gani?

Junior: Za pamba Mama, mikono mirefu. Nailoni inayeyuka kwenye ngozi moto ukitokea. Na si nyekundu wala manjano, dereva asije akadhani ni bendera. Mimi naazima tu, ni kubwa.

Mama Junior: Kesho napita soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Kuna mama anauza salopeti za kazi, za pamba kabisa, nitaishika kwa mkono wangu. Kiuno chako bado ni kile cha zamani?

Junior: Nimepungua kidogo.

Mama Junior: Nilijua.