Wauzaji wa baji mnaotundika boksi la kutagia kwenye kila keji, mnaua ndege wa watu

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu.

Kuna mchezo unaendelea hapa Dar, na kwa picha ninazoziona kwenye magrupu, mikoani ni hivyo hivyo. Ukienda kununua baji, wale kasuku wadogo wa kijani, bluu na njano, huuziwi ndege. Unauziwa "seti". Seti ni keji ya waya, ndege wawili, vikombe viwili vya plastiki, na kaboksi kamening'inizwa pembeni kwa waya. Ukiuliza kaboksi ka nini, unajibiwa: "Hicho ndo chumba chao cha kulala bosi, usiku wanaingia humo baridi isiwapige." Baridi! Dar es Salaam! Mwezi wa pili!

Baji halali kwenye boksi. Baji analala kwenye kijiti, mguu mmoja kaukunja, kichwa kakigeuzia mgongoni. Boksi kwake lina kazi moja tu, kutagia. Asili ya hawa ndege ni Australia, kule bara kwenye ukame, wanahamahama kufuata maji na mbegu za nyasi. Wanangoja mvua inyeshe, nyasi zizae, ndipo jike anatafuta tundu kwenye mkaratusi, anaingia, anataga. Chakula kingi pamoja na tundu la giza ndiyo taarifa mwili wake unayoisubiri. Sasa wewe kikombe cha ulezi umekijaza asubuhi na jioni, na tundu la giza umemtundikia Januari mpaka Desemba. Kwake hiyo ni masika isiyokatika. Atataga, ataatamia, atalisha, na kabla makinda hayajatoka ataanza kutaga tena, mpaka madini ya chokaa yaliyokuwa kwenye mifupa yake yote yaishie kwenye maganda ya mayai. Wala dume si lazima. Jike aliye peke yake na boksi lake anaweza kutaga vizuri tu, si mnajua kuku wa mayai hawana jogoo?

Mimi nilikuwa namtafutia mama ndege wa kumchangamsha. Amestaafu, mchana kutwa yuko peke yake. Nikamwambia muuzaji kwa mdomo wangu, sitaki kuzalisha, nataka ndege wa kuimba tu. "Haina shida bosi." Akanipa seti, boksi ndani.

Picha za siku ile ninazo. Yule jike alikuwa mtoto! Mistari myeusi ya kichwani imeshuka mpaka puani. Baji akifikisha miezi mitatu au minne ananyonyoka manyoya ya utoto na ile mistari inaondoka kwenye paji la uso. Kila anayeuza ndege hawa anaijua hiyo alama, ndiyo wanayoitumia kupandisha bei ya "wadogo wanaofundishika". Na mfugaji makini hampi jike boksi mpaka afikishe angalau mwaka. Huyu kapewa boksi kabla hata hajabadili manyoya.

Akataga. Mayai mawili yakatoka, la tatu likakwama. Mama kanipigia asubuhi: "Mwanangu, huyu ndege kakaa chini kajivimbisha, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi." Nikampigia muuzaji. Jibu lake alinitumia kwa sauti na bado ninalo: "Mpake mafuta ya nazi huko nyuma, halafu mkamue tumbo taratibu, litatoka."

Mkamue! Wakuu, kama hamtakumbuka kingine kwenye uzi huu, kumbukeni hili. Ndege mwenye yai lililokwama hakamuliwi. Yai linapasukia ndani na hapo umemmaliza. Anatakiwa apate joto, awekwe mahali padogo penye utulivu karibu na taa, apewe maji na madini ya chokaa, na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, si kesho. Mama alikataa kumkamua, akasema hata kuku wake wa kijijini hakuwahi kumfanyia hivyo. Tulimpeleka, daktari kajitahidi, jioni kafa.

Muuzaji nilipomwambia: "Majike ndo walivyo bosi. Njoo uchukue mwingine, nakufanyia bei."

Basi nikalibandua lile boksi nilione vizuri. Nje limepakwa rangi na kuchorwa maua, limependeza. Ni la hadibodi. Paa limepigiliwa misumari, yaani halifunguki, maana yake aliyelitengeneza hakutegemea mtu yeyote achungulie ndani hata siku moja. Nikalibandua kwa bisibisi. Ndani ncha za misumari zimetokeza, urefu wa kutosha kumtoboa kinda jicho. Pamba ya dukani imegandana na kinyesi. Na kwenye maungio ya pembe, kwenye mwanya ambao hata ukucha hauingii, utitiri umejipanga. Nikaukandamiza kwa kijiti, ukaacha doa jekundu. Hiyo ni damu ya ndege wa mama yangu. Utitiri mchana unajificha kwenye mianya kama hiyo, usiku unatoka kunyonya, kwa hiyo jike anayeatamia, asiyeondoka pale, ndiye anayeliwa.

Sakafu ilikuwa tambarare, na fundi kaweka juu ule upande wa hadibodi unaoteleza. Mnajua inachofanya? Kinda la baji linazaliwa uchi, macho yamefumba, miguu haina nguvu. Likikosa pa kukanyagia miguu inapanuka, mmoja kushoto mwingine kulia, mifupa inakomaa hivyo hivyo. Hatakaa kwenye kijiti maisha yake yote. Mmeshawaona wale baji wanaotambaa kwa kifua sakafuni, mkaambiwa "kazaliwa kilema, nakuuzia nusu bei"? Wengi wao hawakuzaliwa na kilema chochote, wamelemazwa na sakafu.

Halafu udogo wake. Jike wa baji anataga yai moja kila baada ya siku mbili, manne mpaka sita, na anaanza kuatamia mapema bila kusubiri yatimie. Yai linaanguliwa baada ya siku kama 18. Pigeni hesabu: kwenye mayai sita, kinda la kwanza linamzidi la mwisho kwa siku kumi. Siku kumi kwa baji si mchezo, mkubwa macho yako wazi na manyoya yanaota, mdogo ni nyama tu. Waweke wote kwenye boksi la sentimita kumi kwa kumi, pamoja na mama yao, muone nani atakuwa chini. Ndiyo maana watu wanalalamika "makinda yanakufa moja moja, sijui ugonjwa gani". Ugonjwa gani! Yanakandamizwa.

Pamba nayo ni ushauri wa hao hao wauzaji. Baji si shomoro wala si kuku, hajengi kiota. Ukimwekea nyasi atazitupa nje zote. Pamba inamshinda kuitoa, nyuzi zinajisokota kwenye vidole vya makinda mpaka damu haipiti. Kinachotakiwa ni maranda ya mbao, viganja viwili basi, yawe makavu na yasiwe ya mbao zenye harufu kali.

Ili msiseme nalaumu tu, nimekwenda kwa fundi Keko, nimemchorea kwenye karatasi. Plaiwudi ya milimita 12, maana hadibodi ikipigwa na joto la mabati ndani panakuwa tanuri. Urefu sentimita 25, upana 15, kimo kama 20. Tundu la kuingilia la sentimita nne na nusu, liwe juu na upande mmoja, na kijiti cha kutulia nje yake. Chini kuna ubao mnene uliochongwa mbonyeo wa mviringo, na mbonyeo unakaa upande wa pili, mbali na tundu, mama asitue juu ya mayai kila akiingia. Paa lina bawaba. Bawaba mbili ndogo tu! Fundi kamaliza huku anapiga stori za mpira, na bei yake hata haitishi. Kwa hiyo msituambie gharama. Hawa ndege walifikishwa Uingereza wakiwa hai na John Gould mwaka 1840, watu wamewafuga vizazi kwa vizazi, vipimo hivi si siri ya mtu.

Kuna na wale wanaouza cherero (kasuku wadogo wanaoitwa lovebirds) na boksi lake, wanakwambia "wa kufugwa hawa, wamezaliwa humu humu". Cherero wa Fischer ni ndege wetu, wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, na miaka ya 1980 walivunwa porini kwa maelfu kupelekwa nje. Boksi pembeni ya keji si ushahidi wa kuzaliwa humo. Muulize kibali cha wanyamapori uone atakavyobadilisha mada. Hilo lina uzi wake, nisitoke nje.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kaniambia nimekuza mambo, "ndege wa elfu chache huyo". Mkuu, mama yangu alimpa jina. Tuishie hapo.

NYONGEZA 2: Muuzaji kauona uzi. Kanipigia, mpole kweli kweli, anataka kunipa jike mwingine bure. Nikamuuliza ana umri gani. "Mdogo bosi, mzuri, na nakuwekea na boksi jipya." Nimekata simu.

Kwa mnaouliza inbox mtoe maboksi au la, najibu hapa hapa niache kurudia. Kama ndani hamna kitu, toa leo, hata kama jike atakasirika na kung'ata waya siku mbili tatu. Kama kuna makinda usiguse, ngoja mpaka wote watoke, kawaida ni kama siku 30 hadi 35 kila mmoja, na baba yao awe ameshawazoesha kula wenyewe. Kama kuna mayai na huyataki, usiyatupe, maana atataga mengine kufidia, na hapo ndipo anapokwisha. Yachemshe, yapoe kabisa, yarudishe, muache aatamie mpaka achoke mwenyewe, kisha ondoa boksi. Ili apate chokaa, muwekee na ule mfupa mweupe wa dome (jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni, uoshe vizuri, ufunge kwenye waya za keji. Boksi lililotumika limwagie maji ya moto kwenye pembe zote na ulianike juani mpaka likauke kabisa kabla hujaliweka stoo. Na kama ni la hadibodi lenye paa la misumari, washia jiko.