Mrejesho: Ufadhili wa kusoma nyaraka za misaada ya maendeleo, nimepata

Wakuu, niliwauliza mtafiti wa historia ya misaada ya maendeleo apate wapi ufadhili wa kwenda kusoma nyaraka nje. Aliyenielekeza Rockefeller Archive Center, kituo cha kuhifadhi nyaraka kule Sleepy Hollow, New York, Mungu akubariki: nimepata! Nafuatilia fedha za Rockefeller Foundation, taasisi ya hisani ya Marekani, kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kile cha 1963 hadi 1970 kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Naamini kilichonibeba ni kutaja kwenye andiko la maombi makusanyo ya nyaraka ninayoyahitaji na kwa nini. Wahifadhi nyaraka wao nilikuwa nimewauliza mapema, wakanijibu vizuri mno. Fedha ni za safari na kujikimu, si mshahara. Anayetaka kuona andiko langu aseme, nitampa.