Tupeane uzoefu: mpira wa shingoni ICU na homa iliyokuja baadaye

Mwanzisha uzi: Wakuu, leo nimemwona muuguzi mwanafunzi anasugua kwa spiriti kifuniko cha mpira wa shingoni, ule unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu kupitishia dawa, huku akihesabu sekunde hadi 15. Nikamkumbuka baba. Aliyeuguza mtu ICU (wodi ya mahututi), au anayefanya kazi humo, aseme aliyoyaona.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu alilazwa na nimonia. Siku ya sita wakamtoa kwenye mashine ya kupumulia, akanitambua, akanibana kidole. Mpira wa shingoni wakauacha, "huenda ukahitajika". Siku ya tisa naona plasta imebanduka pembeni, chini yake damu imekauka. Nikamwambia wa zamu ya asubuhi, akasema usiku watabadilisha. Usiku wakasema asubuhi. Saa nane usiku mdogo wangu alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Homa 40, presha ikaporomoka, mashine ikarudi. Walichukua damu ya kuotesha vijidudu maabara, nyingine kwenye mpira, nyingine mkononi. Ya kwenye mpira iliota saa kadhaa kabla ya ile ya mkononi, wakajua vijidudu vimetokea wapi. Alipona, lakini baada ya wiki tano. Na siku ile hakuna dawa hata moja iliyokuwa inapita kwenye ule mpira!

Msomaji wa Kimya: Pole sana dada. Hiyo "huenda ukahitajika" naijua.

Fundi: Si wangekuwa wanabadilisha mpira mpya kila wiki tu?

Muuguzi wa Usiku: Hapana kaka. Kubadilisha kwa ratiba hakuzuii maambukizi, na kila kumchoma upya kuna hatari yake. Kinachobadilishwa ni plasta: ile ya kuonesha ngozi siku 7, ya kitambaa cha gozi siku 2, na ikibanduka au ikilowa, saa hiyohiyo.

Fundi: Mnateteana tu nyie.

Muuguzi wa Usiku: Simtetei mtu. Zamu zote mbili zilikosea.

Mjomba: Wapewe antibayotiki mapema, mambo yaishe.

Daktari wa Zamu: Mjomba, hiyo inazaa usugu, haikingi. Kinachokinga kinajulikana: kunawa mikono; klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) kwenye ngozi na kuiacha ikauke; kofia, barakoa, gauni na glovu zisizo na vijidudu, na shuka la kumfunika mgonjwa mwili mzima; kukwepa kuuweka kinenani; kutoa mpira usio na kazi. Daktari Peter Pronovost na wenzake walipeleka hayo matano kwenye ICU za Michigan, Marekani. Matokeo ya mwaka 2006: ndani ya miezi mitatu, kiwango cha kati cha maambukizi ya damu yatokanayo na mpira kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kuwa na mpira hadi sifuri.

Muuguzi wa Usiku: Na muuguzi aruhusiwe kusema "simama". Niliwahi kumsimamisha daktari bingwa, gauni lake liligusa toroli. Alifoka, akabadilisha.

Msomaji wa Kimya: Hongera, wengi tungenyamaza.

Mgeni: Samahani kuingilia. Mama yangu ana siku ya nne, mpira uko kinenani. Niulize nini?

Dada Mkubwa: Uliza leo: una kazi gani, na utatoka lini? Uliza na kesho. Wakikunja uso, uliza tena.

Mjomba: Usiwasumbue, watamchukia mgonjwa.

Daktari wa Zamu: Aulize.

Mgeni: Nimeuliza. Dawa ya kupandisha presha bado inapita humo. Wamesema kesho wakipita wataangalia tena. Plasta nimeiona, imeshika vizuri.