Mrejesho: lita na kilo za Kisumu, kitabu cha Cessna 172 cha paundi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nifanyeje hesabu ya uzito wakati mafuta hapa Kisumu napimiwa kwa lita, abiria na mizigo kwa kilo, na kitabu cha ndege kinataka paundi na inchi.

Nilifuata aliyesema nigeuze kila kitu kuwa paundi kwanza, kilo mara 2.205, kabla ya kugusa momenti (uzito mara umbali wake kutoka alama ya kupimia ya ndege). Imekubali. Lita 100 za avigesi (petroli ya ndege), kwa kilo 0.72 kila lita, ni kilo 72, yaani paundi 159 hivi. Nikapitia njia ya pili: gawanya kwa 3.785 upate galoni 26.4 za Marekani, mara paundi 6 kila galoni, ni 158.5. Zikilingana hivyo, naendelea: mara inchi 48, umbali wa tangi la mafuta kitabuni, momenti 7,608.

Ile ya kuzidisha lita kwa 0.22 kupata galoni iacheni. Hiyo ni galoni ya Uingereza, na zile paundi 6 ni za galoni ya Marekani. Inaficha paundi 26 kwa lita hizo hizo, karibu kilo 12!

Kuhamishia kitabu chote kwenye kilo na mita nilijaribu, nikakwama kwenye grafu ya mipaka ya uzito na mizani ya ndege. Mkufunzi naye hakuitaka kabisa. Hiyo nimeiweka kando.