Jaribio la rababendi na chupa ya maji: grafu hainyooki, sababu ni nini?

MwalimuSongea:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha pili. Springi za maabara hazitoshi, kwa hiyo vijana wanatumia rababendi za kufungia noti. Tunaitundika kwenye msumari, tunaning'iniza chupa ya lita moja na nusu, tunaongeza maji kwa sirinji na kupima kwa rula. Mililita 100 za maji ni gramu 100, basi mizani haihitajiki.

Rababendi ya sentimita 6 ilivutika kama sentimita 1 kwa gramu 100 za mwanzo. Kutoka gramu 300 hadi 400 ikaongezeka karibu 2. Ilipopita gramu 1,100, mia nyingine ikaongeza nusu sentimita tu. Tulipoanza kupunguza maji, kwa uzito uleule ilikuwa ndefu kuliko wakati wa kuongeza!

Kitabu kinasema urefu huongezeka sawia na uzito. Vijana wameniuliza kama wafute namba zao. Nimekataa kabisa, wamezipima kwa mikono yao. Lakini wanadai maelezo, na ni haki yao. Mwenye kujua anisaidie.

FundiKeria:
Mwalimu, mimi ni fundi baiskeli. Mpira wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye keria una tabia hiyohiyo: mwanzo mgumu, katikati unakubali, mwisho unagoma. Ukishagoma usiongeze, utakatika ukupige usoni. Vijana wasiweke macho karibu, na chini ya chupa weka ndoo. Raba iliyokaa juani muda mrefu iache, ina nyufa.

MzeeWaMaabara:
Umefanya vyema kukataa, Mwalimu. Namba ziko sahihi. Hiyo ya kitabu ni kanuni ya mwanasayansi Hooke, aliyoichapisha mwaka 1678; inafaa springi ya chuma isiyovutwa kupita kiasi. Raba ni kitu kingine.

Ndani yake mna molekuli ndefu mno, zimejikunja ovyo kama uzi uliovurugika. Ukivuta, hunyooshi viungo vya atomu, unanyoosha mikunjo, ndiyo maana inafika mara kadhaa ya urefu wake. Mikunjo ikikaribia kwisha, inakaza. Kinachoiwezesha kurudi vizuri ni salfa inayochanganywa na mpira kwa joto: inafunga molekuli moja na nyingine zisiteleze moja kwa moja. Mmarekani Charles Goodyear aligundua njia hiyo mwaka 1839. Utomvu mtupu wa mpira ukiuvuta sana haurudi vizuri.

Na ile tofauti ya kuongeza na kupunguza maji? Molekuli zinasuguana, sehemu ya nguvu uliyotumia kuvuta inabaki kama joto. Tairi la gari linapata moto safarini kwa sababu hiyo.

Kila kijana ashike rababendi pana, aivute kwa haraka, aiguse mdomo wa juu papo hapo. Kisha aiache hewani kidogo ikiwa imevutwa, airudishe ghafla, aiguse tena.

MwalimuSongea:
Mzee, shikamoo. Nimefanya hapa nyumbani na wanangu: ikivutwa inapata uvuguvugu, ikirudi inapoa! Hili sikulitegemea, tumerudia mpaka chakula kikapoa mezani. Sasa swali: chupa ikiwa inaning'inia, nikiimwagia raba maji ya moto, itarefuka kama waya wa chuma?

MzeeWaMaabara:
Marahaba. Itafupika, chupa itapanda. Joto linazichangamsha molekuli, zinapigania kujikunja kwa nguvu zaidi. John Gough, Mwingereza asiyeona, alieleza haya yote mwaka 1805, na alilitambua joto hilo kwa mdomo wake. Miaka hamsini hivi baadaye mwanafizikia Joule akayathibitisha kwa vipimo.

Ila darasani usiwatajie jibu. Kila mmoja aandike kwanza anachotabiri na sababu yake. Jaza maji mpaka rababendi iwe mara mbili ya urefu wake, funga kifuniko cha chupa ili uzito usibadilike, simamisha rula kando ya kitako cha chupa. Maji ya moto umwage wewe mwenyewe, beseni likiwa chini. Tazameni kitako: kitapanda milimita kadhaa, kisha kitashuka raba ikipoa. Kwa hiyo mmoja aangalie rula tu, asome kwa sauti.

MwalimuSongea:
Nimeelewa. Naongeza na kipande cha tyubu alichosema Fundi, kikatwe chembamba, ili walinganishe grafu mbili. Fundi, tyubu iliyotoboka unauzaje?

FundiKeria:
Kwa wanafunzi bure, Mwalimu. Waje na mkasi.