Ukoo wa Minepa 🌾 Mavuno

*Jumatano*

Osmunda 19:12
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mpunga wa Bibi umeshaanza kuinama. Mjomba Gaspari anasema wiki ya pili ya Juni tuwe shambani. Shule zinafungwa, najua watoto wa Dar wote wanakuja. Kabla hatujaongelea nauli tuongelee mbu. Kila nyumba itoe 20,000, ninunue vyandarua vyenye dawa vya madungu yote matatu ya kulindia mpunga. Mwisho Jumamosi.

Osmunda 19:14
Nimesema VYENYE DAWA. Mtu asiniletee kile cha mapambo kilichobaki harusini.

Osmunda 21:40
Naona mmesoma.

*Alhamisi*

Osmunda 06:05
Asubuhi njema. Tiki za bluu kumi na moja, pesa hakuna hata moja.

Fidelis 06:31
Dada umeamka na mbu leo 😂

Fidelis 06:32
Mbu wa Minepa wananijua kwa jina. Nikishuka tu kwenye basi wanapigiana simu, yule wa Tandika kafika, leteni sahani

Severin 06:33
😂😂😂 yule wa Tandika

Mama Kelvin 07:10
Shikamoo wifi. Kelvin ana mwaka na miezi minne na anakuja. Hapa nyumbani nawasha ile dawa ya kuchoma, haitoshi?

Osmunda 07:18
Marahaba wifi, asante kwa kuuliza la maana. Dunguni hakuna kuta, upepo ukipiga moshi wote unaenda mtoni. Na ukiiwasha ndani ya kibanda kilichofungwa, moshi ule unamuumiza mtoto kifua. Mtoto ni chandarua, kichomekwe chini ya mkeka pande zote, na ulale naye humo humo.

Osmunda 07:31
Ngojeni niseme vizuri. Mnajua nilizunguka Lupiro na Namawala na watu wa utafiti wa Ifakara, jioni tunatega mitego, asubuhi tunahesabu mbu. Anayeleta sehemu kubwa ya malaria bondeni kwetu Kilombero anaitwa funestasi. Yule anayewapigia kelele masikioni huko Dar, wa maji ya mtaroni, ni mwingine. Funestasi anapenda maji safi yasiyokauka, yenye majani pembeni, kama lile dimbwi nyuma ya shamba. Anawasubiri mlale. Mwenzake arabiensisi ni wa vidimbwi vya juani na majaruba ya mpunga, na yeye hana subira. Saa moja jioni, mnapokoka moto wa ugali, ameshafika miguuni. Kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Jioni ni suruali ndefu, soksi, mikono mirefu na losheni.

Fidelis 07:35
Basi tumwage dizeli kwenye lile dimbwi tumalize kesi

Severin 07:36
Na kiberiti 😂

Osmunda 12:20
Fidelis hujatuma pesa.

Mjomba Gaspari 20:51
Nani kasema dizeli

Mjomba Gaspari 20:55
Fidelis, dimbwi hilo ndilo lililokusomesha. Kambale na perege wa pale ndio ada yako ya Morogoro. Bonde hili liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia tangu 2002, maji yake yanaheshimiwa dunia nzima, wewe uliyekula samaki wake unataka kuyamwagia dizeli. Na hao samaki wanakula viluwiluwi. Ukiwaua umewafugia mbu.

Fidelis 20:58
Shikamoo mjomba. Nilikuwa natania

Ma'mdogo Laurensia 21:03
Kaka, ukishamaliza kumtetea kambale waambie na watoto vile vyandarua tulivyogawiwa vilienda wapi.

Mjomba Gaspari 21:04
Laurensia usianze

Ma'mdogo Laurensia 21:06
Sianzi, namalizia. Viliingia dimbwini kuvulia vidagaa. Watu wakalala dunguni wazi. Halafu yaliyotokea yakatokea, akasingiziwa Mama Agripina.

Mjomba Gaspari 21:09
Mwaka ule mafuriko yalibeba mpunga wote. Wewe ulikuwa mjini. Mimi nilikuwa na watoto sita wa kulisha

Ma'mdogo Laurensia 21:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Fidelis 21:12
Jamani kambale wamelala tusiwaamshe 🐟

Osmunda 21:12
Fidelis nyamaza.

*Ijumaa*

Osmunda 08:02
Habari za asubuhi. Ya jana wazee watayaongea ana kwa ana. Waliotuma: Mama Kelvin 20,000, Ma'mdogo 20,000, Severin 5,000 (mwanafunzi, tunamshukuru). Fidelis?

Severin 08:20
Da Osmunda, kivumbasi je? Bibi alikuwa anakifunga mlangoni na kukichoma jioni

Osmunda 08:29
Kichome, kinapunguza, na harufu yake ndiyo nyumbani kwetu. Lakini kisichukue nafasi ya chandarua. Watu wanachoma kivumbasi wanalala wazi, saa nane za usiku moto umezimika, funestasi ndiyo kwanza anaingia kazini.

Fidelis 08:41
20,000 kwa nyumba si nyingi? Huku vipo vya bei chee

Osmunda 08:50
Mbu wa bondeni wameizoea dawa ya kawaida ya chandarua, anakigusa na anaondoka zake. Nanunua vyenye PBO, inayovunja ule ugumu wa mbu ili dawa imkamate. Ndiyo maana bei imepanda. Na ukikifua tumia sabuni ya kipande, ukianike kivulini. Jua na jiki vinaua dawa.

Tasiana 13:37
Samahanini wapendwa nilikuwa kazini. Mimi nina miezi mitano. Kliniki wamenipa chandarua na nimemeza SP, ile dawa ya kuwakinga wajawazito na malaria. Naweza kuja kusaidia kupepeta?

Osmunda 13:40
Tasi hongera mama. Njoo, ila ulale mjini kwa Bibi, dunguni hapana. Malaria kwa mjamzito inakausha damu na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Utapepeta mchana.

Mama Kelvin 16:15
Wifi hiyo losheni mtoto anapakwa?

Osmunda 16:22
Yenye DEET, ile dawa ya kufukuza mbu, hapakwi mtoto wa chini ya miezi miwili. Kelvin anapakwa kidogo, wewe ndiye umpake. Usimguse viganja, macho wala mdomo, maana vidole vyote anatia kinywani.

Osmunda 16:30
Na hili la wote wa Dar, NAOMBA MSOME. Malaria haitoki siku ile ile ya kuumwa na mbu. Inakaa wiki moja, mbili, hata zaidi. Mtoto atavuna na nyie akiwa mzima, mtarudi Dar, ndipo homa ije mkiwa mmeshasahau shamba. Msiseme ni mafua ya safari. Mpelekeni siku hiyo hiyo akapimwe, mwambieni daktari alikuwa Minepa. Ikionekana, dawa mseto anameza siku zote tatu, hata akianza kucheza siku ya pili.

Fidelis 16:44
Hapo nimekuelewa dada. Natuma jioni

*Jumamosi*

Severin 10:03
🎤 Ujumbe wa sauti 1:12

Severin 10:05
Ni Bibi. Nimemsomea yote tangu Jumatano, akasema nishike simu arekodi. Wasio na bando nawaandikia alivyosema:

Severin 10:11
"Gaspari na Laurensia, nimewazaa wote wawili. Mtoto wetu Rehema alikufa kwa homa ya mbu. Nilikuwa nimempakata pale kivukoni tukingoja kupambazuke pantoni ivuke. Hakurogwa na mtu. Mama Agripina alikula nyumbani kwangu na hakutenda baya. Jina lake lisitajwe tena kwa ubaya. Na mtoto ambaye hajaanza shule halali dunguni. Analala hapa mjini kwangu. Asiyetaka, asije kuvuna."

Mjomba Gaspari 12:40
Sawa mama

Ma'mdogo Laurensia 12:58
Sawa mama 🙏

Ma'mdogo Laurensia 13:01
Daraja la Kilombero lilizinduliwa 2018, hakuna tena kungoja pantoni. Akishikwa mtu usiku, mkubwa au mdogo, bodaboda moja kwa moja hospitali. Namba za vijana wawili wa boda nitaziweka hapa.

Mama Kelvin 14:20
Shikamoo Bibi, tumesikia. Ila Kelvin bado ananyonya, akilala mjini na mimi nalala mjini. Dungu la mtoni nani atakaa?

Mjomba Gaspari 14:33
Viboko walipita juzi usiku. Peke yangu siwezi madungu matatu

Fidelis 14:35
Nitalala mimi. Mwambie kiboko nina chandarua chenye PBO

Osmunda 14:37
Fidelis la mtoni. Mjomba la kati. La mwembeni? Severin?

Severin 14:59
Nina mtihani hadi tarehe 11

Osmunda 15:10
Mjomba, kabla hatujaja ule mtumbwi mbovu wenye maji ya mvua upindue, na ndoo zote za kibandani. Yai la mbu halichukui wiki mbili limeshakuwa mbu. Dimbwi la samaki liacheni lilivyo, ila vibanda vya kulala visogezwe upande wa barabara.

Mjomba Gaspari 15:22
Mtumbwi nitapindua. Vibanda tutaona

Osmunda 18:00
Pesa imefika ya nyumba nne na nusu. Hiyo nusu inajijua. Naenda dukani Jumatatu, nitanunua vya madungu mawili, la tatu likipata mtu tutaongeza.

*Jumapili*

Ba'mdogo Vitalis 05:48
Habari za siku nyingi. Simu ilikuwa kwa fundi. Mbona mnahangaika na madungu? Nimeshampa hela ya kishika uwanja mwenye kombaini, anavuna tarehe 9

Mjomba Gaspari 05:55
Vitalis umempa kishika uwanja kwa shamba la nani?

Fidelis 06:02
🍿

Osmunda 06:04
Ba'mdogo shikamoo. Soma kuanzia Jumatano. Hata kombaini ikija, usiku wa kabla ya tarehe 9 nani analinda mpunga, na atalala ndani ya nini? Na 20,000 yako bado.