Nimepungua kilo 23, sasa naogopa sahani ya ugali. Naombeni ushauri

#1 Binti wa Ziwani
Shikamooni mlionizidi, wengine habari za jioni.

Nina miaka 27, niko Mwanza, naishi peke yangu Nyegezi, chumba na sebule. Januari nilikuwa na kilo 84. Nikaingia kundi moja la WhatsApp la kupunguza mwili, lina kocha, lina picha za kabla na baada. Masharti: ugali hapana, wali hapana, viazi hapana, ndizi hapana, mafuta hapana. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, mchana tango na kabichi, jioni chai ya tangawizi na ndimu. Kila mlo unapiga picha unatuma. Ukikutwa umekula hata michembe ya viazi vitamu, faini 2,000 na jina lako linatajwa mbele ya wote. Mimi sikuwahi kutozwa.

Juni nilifika kilo 61. Nilisifiwa mpaka nikashona nguo upya, na kocha akaniweka kwenye picha za mfano.

Sasa awamu imeisha, nataka kurudi kula kama watu, na siwezi. Nikiwekewa ugali mkono unatetemeka. Naanza hesabu: tonge moja ni kiasi gani, manne ni kiasi gani, kesho mizani itasemaje. Kila asubuhi napita kwa yule kijana wa mizani pale stendi, nampa 200 yake, na anachonisomea ndicho kinachoamua siku yangu. Ikipanda nusu kilo, sili mpaka jioni.

Naomba kujua kitu kimoja tu: mtu anarudije kula ugali bila kunenepa? Dona, mtama au muhogo, upi una nafuu? Naomba tusitukanane.

#2 Chuma cha Pasiansi
Dona, halafu vyuma. Mimi ugali nakula mlima na sinenepi kwa sababu saa 11 alfajiri niko barabarani. Kilima cha Capri Point panda shuka mara nne, huhitaji kulipia gym. Nilianza 2019 na kitambi cha kuwekea kikombe, leo mashati ya wakati huo nimewapa wadogo zangu. Nikiweza kuweka picha nitaweka.

#3 Baba Wawili
Mtama, mwisho wa maneno. Nina kisukari mwaka wa tisa huu. Sembe niliiaga. Ila mtama wa siku hizi wanachanganya na mahindi, nunua punje upeleke mashineni mwenyewe na usimame pale pale mpaka usagwe. Mashine niliyoizoea mimi yule kijana alinibadilishia debe zima, tulifikishana kwa balozi wa nyumba kumi.

#4 Ng'wana Magu
Kilo 84 ndiyo mwili wenyewe huku Usukumani! Umejipunguzia ng'ombe wa mahari bure, baba yako anajua? Dada zetu mnaiga picha za kwenye simu, mwishowe mnakuja humu kulia. Bibi zetu walikula nsansa ya karanga na ugali wa udaga, wakalima ekari tatu, hakuna aliyejua kilo zake.

#5 Binti wa Ziwani
Kaka Ng'wana Magu, baba yangu ni marehemu. Nimeomba ushauri kuhusu kula.

Chuma, nilijaribu kukimbia. Miguu inaisha nguvu kabla sijafika mbali. Bado sijajibiwa: dona au mtama?

#6 Mama Dagaa
Mwanangu, achana na unga kwanza. Niambie usiku unakulaje.

Nakuuliza kwa sababu. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, na marehemu mume wangu alikuwa mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hakuna anayeingia ziwani, na kwetu hela ikiisha ndiyo imeisha. Wanangu walishinda na mlo mmoja, siku nane, siku kumi. Giza likirudi na hela ikarudi, napika sufuria kubwa, wanakula mpaka wanatapika, halafu wanaficha vipande vya ugali chini ya godoro. Yule mkubwa alificha mpaka ana miaka kumi na miwili, na wakati huo tulikuwa tunashiba kila siku. Sikuwahi kumchapa kwa hilo. Nilikuwa namwachia kipande kwenye kisahani, anakiona, analala.

Sasa wewe umejiwekea mbalamwezi ya miezi mitano. Usiku unakulaje?

#7 Binti wa Ziwani
Mama, umenikuta pabaya.

Usiku naamka kama saa nane. Nafunua sufuria ya mama, nakula wali wa baridi kwa mkono, nimesimama, taa nimezima. Wali ukiisha natafuta mkate. Mkate ukiisha nalamba sukari. Siwezi kuacha mpaka tumbo liume, na hata ladha siisikii. Asubuhi naamka na hasira na mwili wangu, siku hiyo nakunywa maji tu. Usiku inarudi. Mara tatu, nne kwa wiki.

Nimekuwa mlafi, na kabla ya hii dayati sikuwa hivyo. Ndiyo maana nataka kujua kiasi kamili cha ugali, nijizuie vizuri zaidi.

#8 Mwalimu wa Nyakato
Mdogo wangu, ulafi haupo hapo. Jambo hili lilishachunguzwa. Kati ya 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya na akili, waliokuwa wamekataa kubeba silaha vitani wakajitolea kwa utafiti huo. Kwa miezi sita walilishwa karibu nusu ya walichozoea: viazi, mkate wa ngano nzima, makaroni. Wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wanaume wale walianza kuota chakula usiku, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Chakula kiliporudi, wapo waliokula mpaka wakaumwa na bado wakasema njaa iko palepale, kwa wiki nyingi.

Nafundisha baiolojia na hili huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka. Mwili ulionyimwa haukusikilizi ukiuambia uwe na adabu. Wewe unatafuta kamba nyingine ya kujifungia, na iliyokuumiza ni kamba.

#9 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nauliza mambo matatu, jibu ukiweza. Ukishakula usiku, unatapika au kunywa kitu cha kukuharisha? Siku zako za mwezi zinakuja? Umewahi kuanguka au kuona giza?

#10 Binti wa Ziwani
Dada nesi, sitapiki kabisa. Nakunywa chai ya majani tu, ya asili, haina kemikali, kundini wote tunaitumia. Ni sanamaki. Mengine ni mambo yangu ya ndani, sidhani kama yanahusiana na ugali.

Na niseme wazi ili msije kunishangaa: Jumatatu naanza awamu ya pili, siku 14 za juisi. Nimeshatuma 60,000, nusu ya ada. Dada yangu ana send-off Desemba, sare imeshashonwa kwa kipimo cha Juni na fundi hana kitambaa cha kuongezea. Nimesharudi kilo 66. Nikimaliza send-off nitatulia, nitakula vizuri. Nilichotaka ni kujua tu huo ugali wa baadaye.

#11 Unga wa Asili Mwanza
Dada njoo inboksi. Nina unga wa mizizi, unakata hamu ya kula usiku, kilo 5 ndani ya siku 10, mzigo unakufikia popote Kanda ya Ziwa.

#12 Shahidi wa Pili
Nilikuwa nasubiri huyo atokee. Wakuu mnaliwa mchana kweupe. Akaunti ya mleta uzi ina siku tatu. Mwanzoni anaishi peke yake Nyegezi, chumba na sebule. Kule #7 anafunua "sufuria ya mama" saa nane za usiku. Mama ametoka wapi, amevuka na kivuko? Halafu anataja ada, anataja siku 14, na kabla hamjameza mate muuza unga keshafika. Tangazo hili. Kesho mtamwona anarudi kushukuru kwa kupona.

#13 Ng'wana Magu
Duh. Na mimi nikajua namtetea dada wa watu.

#14 Chuma cha Pasiansi
Hata hiyo 200 ya mizani, kwetu ni 300 siku hizi.

#15 Baba Wawili
Mke wangu aliliwa 150,000 na kundi la namna hii hii, juisi za kijani. Alipodai hela yake akatolewa kundini. Mpaka leo mashine ya kusagia juisi ipo juu ya kabati. Moderata funga uzi.

#16 Mama Dagaa
Msifunge. Hadithi ya kutunga haina ile ya kula bila kusikia ladha. Mwacheni ajibu.

#17 Binti wa Ziwani
Nimesoma yote. Nilizima simu, nikaiwasha tena.

Nyegezi nilidanganya, au niseme nilichelewa kusema. Nilikaa Nyegezi mpaka Juni. Nauza vitambaa kwenye duka la mtu, Makoroboi. Siku moja nilikuwa nashusha jora kutoka juu, nikaona giza, nikaamka niko sakafuni, wateja wamenizunguka, mmoja ananipepea kwa mkoba. Mwenye duka alimpigia mama. Tangu siku hiyo niko kwa mama, Igoma. Mama anajua nilianguka kwa sababu ya joto.

Siku zangu sijaziona tangu Aprili. Mimba sina, sina mtu. Nywele zinakatika, nafunga kilemba. Mchana wa jua la Mwanza navaa sweta.

Sanamaki nilianza na kikombe kimoja kwa wiki. Sasa ni kila ninapokula usiku, na naweka majani mara tatu ya mwanzo kwa sababu ya kawaida haifanyi kitu tena. Juzi moyo ulipiga kama unaruka hatua, nikakaa chini bafuni.

Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia ni mgonjwa, nami nilitaka kuambiwa dona au mtama. Muuza unga simjui.

#18 Nesi wa Zamu ya Usiku
Nakuamini, na nitakujibu kirefu.

Kwanza sanamaki. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inasukuma utumbo mpana, huko wali wako umeshaingia mwilini zamani. Kwa hiyo kilo inayoshuka asubuhi ni maji, na maji hayo yanatoka na potasiamu. Potasiamu ikishuka sana moyo unapiga ovyo, na unaweza kusimama. Kuruka hatua bafuni ndiyo habari kubwa ya uzi huu wote. Ukiacha sanamaki utavimbiwa, miguu inaweza kujaa siku kadhaa, mizani itapanda. Hayo ni maji yanarudi. Nakuambia mapema ili usikimbilie kikombe.

Pili, siku kukauka. Ubongo umeona njaa, ukazima kinachoweza kusubiri. Homoni zinazoleta siku ndizo zinazotunza mifupa pia, ndiyo maana hatuliachi hivi hivi hata kama mtoto huhitaji sasa.

Kesho asubuhi, sio Jumatatu, nenda hospitali. Nenda na mama. Tamka haya kwa mdomo wako: nimekula kidogo sana miezi mitano, nimeanguka, siku zimekauka tangu Aprili, natumia sanamaki, moyo unaruka. Watapima mimba hata ukisema huna, usikasirike. Omba wapime damu, chumvi za damu na moyo. Moyo ukiruka tena usiku huu, au ukiona giza, msisubiri kukuche. Na uulizie mtu wa afya ya akili na mtu wa lishe, kwa sababu ule mkono unaotetemeka hautulii kwa vipimo vya damu.

Kula sasa. Usiruke mchana, huo mchana mtupu ndio unaokuamsha saa nane. Kidogo kidogo kila saa tatu au nne: uji, michembe na karanga, tonge mbili tatu na sato au dagaa, maziwa mgando kabla ya kulala. Usifakamie kufidia, mwili uliokaa njaa hupelekwa taratibu, na daktari atakuambia kasi yako. Kijana wa mizani mpitie mbali. Dona lina nyuzi zaidi ya sembe, lakini ukiuliza leo unga upi, jibu ni ule uliopo kwenye sufuria ya mama yako, ukiwa umekaa na taa inawaka.

Juisi siku 14 kwa hali hiyo, hapana.

#19 Binti wa Ziwani
60,000 yangu je? Na sare?

#20 Mama Dagaa
60,000 imekwenda, mwanangu, kama nyavu iliyokatika, usiifuate majini. Sare, fundi anaongeza kitambaa cha rangi nyingine ubavuni, anakiita mtindo. Nimevaa hivyo harusi mbili.

Mama yako yuko macho? Mwambie sasa hivi, kabla hujabadili moyo. Mimi ningetaka kuamshwa.

#21 Shahidi wa Pili
Bado sina uhakika na uzi huu, na nina sababu zangu, dada yangu wa damu aliibiwa kwa hadithi kama hii. Lakini kama ni kweli, usinywe hicho kitu usiku huu. Nikikosea kukushuku nitakuomba radhi hapa hapa.

#22 Binti wa Ziwani
Saa 12 na robo asubuhi.

Sikunywa. Nilimwamsha mama saa tano usiku. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kitandani kimya, kisha akaniuliza majani yako wapi, nikamwonyesha, akayatia kwenye mfuko akasema tutaenda nayo, daktari ayaone.

Usiku niliamka tena saa nane. Mama aliacha taa ya jikoni inawaka na sahani imefunikwa mezani. Nilikaa kwenye kiti. Nilikula nusu, nikalia, nikalala.

Sasa hivi tumbo limejaa na linaniogopesha, sitaki kuficha hilo. Kocha ametuma ujumbe wa kumalizia ada, sijamjibu, wala sijamwambia sitakuja. Mama amechemsha michembe. Nimekula vipande vitatu na chai ya maziwa. Ananiita, daladala imefika.